Mzigo Usio na Ngata

Mdogo wangu anaishi kwa kupanda majani ambayo hakuna mnyama atakayeyala. Nilikuwa nayajua hayo kwa miaka mingi, kwa simu na kwa picha, lakini hayakuniingia mpaka mwisho wa Mei 2025, nilipokaa ndani ya pikapu yake huko Lexington, Kentucky, nikamtazama akiyakunjua mbele ya nyumba mpya kama mtu anayetandika mikeka kabla ya shughuli. Majani huja na udongo wake, yamechunwa shambani na kuviringishwa. Hupangwa mstari kwa mstari, hukanyagwa, humwagiliwa, na jioni ileile mwenye nyumba hutoka na kikombe chake cha kahawa kuyaangalia. Baada ya wiki mbili tatu hukatwa. Yakishakatwa huachwa palepale yaoze, au hutiwa kwenye mifuko ya karatasi na kupangwa kando ya barabara yasubiri gari la taka.

Mimi ni mtoto wa Marangu, Kilimanjaro. Kwetu mlimani ng'ombe hatoki zizini. Hupelekewa chakula alipo, asubuhi na jioni. Kihamba, yaani shamba la nyumbani, kina migomba, kahawa, magimbi na miti, lakini majani ya kumtosha ng'ombe hakina, kwa hiyo mama alishuka mpaka tambarare za kuelekea Himo, akafyeka, akafunga, akakunja ngata, akajitwisha, akapanda. Nilianza kufuatana naye nikiwa na miaka tisa, na kimzigo changu. Ukijitwisha majani mabichi huusikii uzito mwanzoni. Unakuja kuusikia kwenye kona ya tatu ya mlima, nyuma ya shingo, na ukishausikia haukuachi hadi mlangoni. Niliposimama kwenye mtaa ule wa Lexington nikahesabu mifuko kumi na minne ya majani yanayokwenda kutupwa, nilijikuta napiga hesabu ya safari. Ilikuwa kazi ya mama ya siku nne.

Nilimkuta mdogo wangu amejifunga mkanda mpana kiunoni, ndani ya shati. Hakuwa ameniambia. Ana miaka thelathini na minane na tayari akitaka kuinuka kitini hushika meza kwanza.

Kazi yake si majani tu. Baridi ikishaisha kila mwenye nyumba anataka matandazo, magome ya miti yaliyosagwa, mengine yametiwa rangi nyeusi au ya kahawia, ya kutandazwa kuzunguka maua na miti ili unyevu usitoke na magugu yasiote. Wakulima wetu hutandaza majani makavu ya migomba kwenye kahawa kwa sababu hiyohiyo, ila wao hawayanunui. Lori humwaga lundo, halafu ni sepetu na toroli, sepetu na toroli, mpaka jua lizame, na mwishoni mwa Mei jua la kule huzama karibu saa tatu za usiku. Matandazo ni afadhali. Kinachoua ni kokoto. Mita moja ya ujazo inakaribia tani moja na nusu, na kijia cha kupita kando ya nyumba humeza mita tatu au nne bila kushiba.

"Nataka trekta, dada," aliniambia usiku wa pili, baada ya watoto kulala. "Dogo, lenye kijiko cha mbele. Nimeweka hela miaka miwili. Nilikuwa nasubiri uje twende wote."

Sikumuuliza kwa nini asubiri mwalimu mstaafu ambaye hajawahi kushika usukani wa trekta. Baba yetu hakuwahi kununua ng'ombe bila kuongozana na dada yake mkubwa. Shangazi hakuwa anajua ng'ombe kuliko baba. Alikuwa anajua wauzaji.

Mwenzake mdogo wangu katika kazi ya bustani ni mwanaume wa Uvira, Kongo. Lexington ina Wakongo wengi. Dukani kwao utakuta unga wa muhogo, sombe iliyogandishwa, na dagaa wa Ziwa Tanganyika ambao wao huwaita ndagala. Huyu alivuka ziwa akiwa mgongoni kwa mama yake na kukulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996. Ufundi aliupatia humo, kwa kufungua na kufunga injini za mashine za kusaga. Ananiita yaya, ndiyo dada mkubwa kwao. Kiswahili chake na changu vilipishana hapa na pale siku ya kwanza. Siku ya tatu nilikuwa nimeshaanza kusema "iko muzuri" bila kujitambua.

Tulianza kwa muuzaji wa matrekta mapya, nje kidogo ya mji. Yalikuwa yamepangwa kwa rangi, kijani huku, rangi ya machungwa kule, bluu, mekundu, yote yameelekeza vijiko vyao barabarani kama yanayoomba kitu. Kijana wa mauzo alitupa maji ya chupa na kutueleza kwa upole kwamba mkopo hauna riba kwa miezi mingi. Bei ya dogo lenye kijiko ilikuwa zaidi ya dola elfu ishirini. Nilitafsiri kichwani kwa shilingi, nikaacha.

Nilichojifunza hapo ni kwamba matrekta mengi madogo ya Marekani yameishia kwenye nguvu ya farasi ishirini na nne na ushee. Sababu ni sheria ya moshi. Injini ya dizeli ikifika farasi 25, yaani kilowati 19, masharti yake hubana zaidi, na tangu mwaka 2013 nyingi za kiasi hicho zimelazimika kubeba chujio la masizi kwenye ekzosi, pamoja na vihisio na kompyuta ya kuliendesha. Chini ya hapo injini imebaki nyepesi, ya fundi wa kawaida. Basi watengenezaji wanakaa nywele moja chini ya mstari. Mdogo wangu alihitaji kidogo zaidi, kwa sababu ya kokoto. Kijiko kinachoinua lundo la matandazo bila kusita kinaweza kugoma kabisa kikijazwa mawe, na trekta jepesi likilazimishwa hunyanyua magurudumu ya nyuma badala ya mzigo.

Mtu wa Uvira alifungua boneti ya lile kubwa kidogo, akatazama muda mrefu. "Yaya, hii iko muzuri," akaniambia. "Lakini siku itakufa, ni kompyuta tu itajua kuifufua. Na kompyuta iko kwa hawa."

Sikudhani ni hoja ya mtu wa kambini peke yake. Wakulima wa Marekani wenyewe wamepigania jambo hilo mpaka kwenye mabunge yao. Mwaka 2023 jimbo la Colorado lilikuwa la kwanza kupitisha sheria ya kuwataka watengenezaji wa mashine za shamba wawape wenye mali vifaa na maelezo ya kuzitengeneza wenyewe. Nilipoyasikia nilifurahi, na nilishangaa pia, kwamba katika nchi iliyomzaa mhunzi John Deere mkulima alilazimika kwenda kwa wabunge kutafuta ruhusa ya kufungua nati yake.

Kwa hiyo wakaamua kutafuta la zamani, la kabla ya 2013. Likapatikana upande wa Ohio, kwa mkulima mmoja mzee. Tukaondoka Jumamosi alfajiri, watatu kwenye kiti cha mbele, tela tupu likigonga nyuma.

Barabara ya kutoka Lexington kwenda Paris (ndiyo, kuna Paris ya Kentucky) inapita katikati ya mashamba ya farasi. Farasi wa pale wanalala kwenye majengo mazuri kuliko shule niliyofundisha. Lakini jicho langu lilivutwa na kuta za mawe zinazofuata barabara, za kufika kifuani, mawe bapa yaliyopangwa bila chembe ya udongo wala saruji, na juu yake mengine yamesimamishwa wima kama vitabu. Waashi wa Kiayalandi walizianza, na mikono ya watumwa ikazijenga kwa maili na maili. Mdogo wangu hutengeneza kuta za namna hiyo bustanini kwa watu, fupi, za mapambo. Alipunguza mwendo ili nione.

"Jiwe moja la chini linachukua watu wawili," akasema. "Hawa walikuwa na nini? Hawakuwa na kijiko."

Hakuna aliyemjibu. Tulikwenda hivyo mpaka Maysville, kilomita mia moja na kidogo, tukala pai ya pale ambayo ndani yake ni hasa sukari, siagi, mayai na maziwa mazito, na inaitwa pai angavu. Ni tamu kupita kiasi. Nilikula kipande changu chote na nusu ya cha mdogo wangu. Halafu tukavuka Mto Ohio, mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, tukaingia vilima vya upande wa pili.

Huko nilianza kusikia mlio. Nilidhani ni gari letu. Tulipofungua dirisha ukaingia kama maji, mlio mmoja, mrefu, usio na pumzi, kutoka kila mti. Walikuwa nyenze. Si hawa wetu wa kila kiangazi. Hawa hukaa ardhini miaka kumi na saba wakifyonza mizizi, halafu hutoka kwa pamoja kwa mamilioni, macho mekundu, wakaimba wiki chache, wakataga, wakafa. Mwaka 2025 ulikuwa mwaka wao katika sehemu hizo za Kentucky na Ohio. Magamba yao matupu yalining'inia kwenye nyasi, nguzo na kuta za maghala. Kwetu kumbikumbi wakitoka watoto hukimbia na mabeseni. Pale watu walikuwa wanafagia.

Tulimpita kijana wa Kiamishi, kofia ya majani kichwani, amesimama nyuma ya farasi wake wakubwa akikata majani ya kukaushwa. Waamishi huamua kwa pamoja, kanisa kwa kanisa, mashine ipi iingie kwao na ipi ibaki nje, na jambo wanaloliangalia ni kama itawatenganisha. Nilitaka tusimame nimtazame. Majani yale yalikuwa yanakwenda kwa ng'ombe, na harufu yake ilikuwa ileile ya mgongoni kwa mama.

Mzee mwenye trekta alitungojea chini ya mti, amevaa kofia iliyopauka na shati lililopigwa pasi. Alitusalimia mmoja mmoja kwa mkono. Trekta lilikuwa mbele ya ghala lake la zamani la tumbaku, rangi ya machungwa imefifia kidogo, Kubota, nguvu ya farasi thelathini na ushee, kijiko kimelazwa chini kama inavyotakiwa. Mtu wa Uvira akaliendea taratibu, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo. Kisha akanitazama.

Njiani alikuwa amenieleza. "Injini ikiwa moto mbele ufike, mwenye kuuzisha iko anaficha kitu." Injini ya dizeli iliyochoka huwaka vizuri ikiwa imeshapashwa, ukweli wake huusikia inapoamshwa ikiwa baridi. Boneti hii ilikuwa baridi. Shangazi angemtazama muuzaji machoni wakati huo, nikafanya hivyo. Mzee alikuwa amemwangalia mwenzetu tangu mwanzo na alikuwa ameelewa kabisa kile kiganja. Akatikisa kichwa kidogo kwa heshima, fundi kwa fundi.

"Nililinunua jipya mwaka ule walipotoka mara ya mwisho," akasema, akielekeza kidole kwenye miti. Mwaka 2008. "Nilidhani nitakuwa nalo mpaka watoke tena. Na nimekuwa nalo."

Akawasha. Liliunguruma mara mbili, likatulia, moshi mwembamba ukapotea. Na hapo likatokea jambo ambalo mzee alilizoea. Nyenze walianza kushuka mitini kulifuata. Mtetemo wa injini kwao unafanana na wito wa dume, kwa hiyo majike huja wakidhani wameitwa. Walitua kwenye usukani, kwenye mabega ya mtu wa Uvira, kwenye mkono wa mdogo wangu, wazito, wapole, hawaumi. Mmoja alitua kwenye ukosi wangu. Sikumtoa. Miaka kumi na saba gizani, akapanda kuja kutafuta mwenzake, akakuta dizeli.

Ukaguzi ulichukua karibu saa mbili na nitausimulia kwa sababu niliona ndani yake ukarimu ambao sikuutegemea. Mwenzetu alishika kijiko kwa mikono miwili akakitikisa juu na chini, akisikiliza pini na bushi zake. Kilicheza kidogo sana. Alifuata michomeleo ya mikono ya kijiko kwa kidole, akitafuta ufa uliopakwa rangi. Akapapasa mipira ya mafuta ya haidroliki moja moja, akachomoa kijiti cha kupimia na kuyatazama mafuta kwenye mwanga. Yakiwa meupe kama maziwa yameingiwa na maji. Yalikuwa safi. Mita ilisoma saa 1,140, na mzee akatoa daftari la shule ambamo kila umwagaji wa oili uliandikwa kwa kalamu, tarehe na saa, mwandiko ukianza imara na kuishia wenye kutetemeka.

Kisha wakaweka jiwe kubwa kijikoni, wakaliinua kimo cha mtu, wakazima injini, tukangoja dakika kumi tuone kama kitashuka chenyewe. Dakika hizo kumi mzee alizungumza. Alikuwa na tumbaku zamani, kisha mahindi, kisha ng'ombe wachache, kisha maua ya mkewe. Miaka ya mwisho trekta lilibeba udongo wa maua tu. Mkewe amefariki. Watoto wako mijini na hawana hasira naye, alisema hivyo, hawana hasira, wana maisha yao. Kijiko hakikushuka hata unene wa ukucha.

Akawafundisha pia, bila kuombwa. Kijiko kikiwa na mzigo kikae chini karibu na goti wakati wa kutembea, kwa sababu mzigo ukipanda juu trekta linakuwa kama mtu aliyejitwisha kichwani akisimama juu ya stuli. Nyuma pafungwe uzito, na akawapa wa kwake, sanduku la chuma alilolimwagia zege, linaloning'inia kwenye mikono mitatu ya nyuma. Mlimani panda wima, usikate ubavu. Upinde wa chuma ulio nyuma ya kiti usikunjwe, na mkanda ufungwe, kwa sababu upinde bila mkanda unalinda kiti, haumlindi mtu. Jirani yake alikunja upinde apite chini ya mti wa tufaha. Mzee akatuonyesha mteremko, hakuendelea.

Bei ilipofika nilijiandaa. Kwetu bei ni mazungumzo, na anayeinuka haraka amedharau. Mdogo wangu alitaja dola elfu kumi na moja, mzee alikuwa amesema kumi na mbili na mia tano. Mzee akauliza, "Litafanya kazi gani?"

Mdogo wangu akamweleza matandazo, kokoto, kuta za mawe, majani ya kukunjua.

"Nani ataliendesha?"

Mdogo wangu akamwonyesha mwenzake, ambaye wakati huo alikuwa amepiga goti akifuta matope kwenye nipo za grisi. Mzee akatazama. Akasema kumi na moja na mia tano, na minyororo ndani yake. Ikawa imekwisha.

Lilipokuwa limeshapanda kwenye tela, mzee alilipanda tena, polepole sana, na kutoa mto mdogo wa kitambaa uliokuwa kwenye kiti. Ulishonwa kwa mkono, maua mekundu yaliyochuja. Aliushika kifuani. Nimewaona wazee wa kwetu wakimuuza ng'ombe na kubaki na kamba. Nilimwendea nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikamwambia pole kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiingereza hakina neno hilo. Sikumtafsiria. Hakuuliza.

Tulirudi kwa njia ya mtoni, tukasimama Ripley. Nilikuwa nimeomba. Ni mji mdogo, nyumba zake zinatazama maji, na ng'ambo unaiona Kentucky, karibu kiasi kwamba ungeweza kuita mtu. Kabla ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe mto ule ulikuwa mpaka: huku mtu huru, kule mtu mali. Juu ya kilima kuna nyumba ya mchungaji John Rankin, ambaye taa yake ilionekana kutoka ng'ambo. Chini, mbele ya maji, kuna nyumba ya matofali ya John Parker, ambayo sasa ni makumbusho. Niliijia hiyo.

Parker alizaliwa Norfolk, Virginia, mwaka 1827, mtoto wa mama mtumwa. Akiwa na miaka minane aliuzwa, akatembezwa kwa minyororo, akaishia Mobile, Alabama. Huko alijifunza kusubu chuma, na kwa ujira alioruhusiwa kubaki nao akajinunua, mwaka 1845, kwa dola 1,800. Akaja kukaa hapa. Usiku alivuka mto kwa mashua kwenda kuwatoa wengine, mara nyingi, huku kichwa chake kikitafutwa. Mchana alikuwa na kiwanda chake cha chuma. Mwaka 1884 na 1885 alipata hataza za mashine za kukandamiza tumbaku, mmoja wa watu weusi wachache waliozipata katika karne ile, na alitengeneza pia mashine ya kuponda madongoa shambani.

Nilisimama pale muda mrefu, tela na trekta nyuma yangu. Asubuhi ile tulikuwa tumetaja bei, tumetikisa kijiko, tumepapasa viungo, tumetazama kama kuna ufa uliofichwa. Mtoto wa miaka minane alisimama hivyohivyo mbele ya watu wenye viganja. Halafu mtu huyo, alipokuwa wake mwenyewe, aliitumia akili yake kutengeneza chuma cha kupunguzia watu kazi ya udongo, kazi ambayo watu wa rangi yake walinunuliwa ili waifanye. Nikazikumbuka zile kuta za Paris. Mdogo wangu alikuja akasimama kando yangu. Ameishi kilomita mia moja na kidogo kutoka hapo kwa miaka sita, anabeba mawe, na jina hilo alikuwa hajalisikia. Akapiga picha ya nyumba, akaituma kwa watoto wake.

Jumatatu trekta lilianza kazi. Nyumba ya kwanza ilikuwa na uzio, na lango la kuingilia uani lilikuwa jembamba. Kila mtu alisimama akikisia kama litapita. Nilivua kanga yangu begani nikainyoosha kutoka gurudumu hadi gurudumu. Upana wa trekta haukufika urefu wa kanga. Nikaipima langoni, ikaingia. Likapita, nafasi ya vidole vinne kila upande.

Sijaacha kuifikiria ile kanga. Trekta la udogo huo lilianzia Japani, kwenye majaruba madogo ya mpunga. Kubota waliingiza la kwanza Marekani mwaka 1969, na Wamarekani wenye uwanja wa majani wakaona linawafaa. Sisi mashine zilitujia kubwa. Mwaka 1947 Waingereza walileta Kongwa, Dodoma, mitambo mizito ya kulimia karanga, mingine ikiwa imetokana na vifaru vya vita, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Tukazizoea Massey Ferguson za tambarare. Zilipokuja pawatila, yaani matrekta ya mkono, za mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza, zilikuwa za mabonde. Mlimani, ambako njia ni ya upana wa kanga, mzigo ulibaki kichwani, na kichwa ni cha mama. Sisemi trekta lile lilime kihamba; mteremko wetu ungelipindua, mzee wa Ohio ametuambia. Nasema lipande barabara ya kijiji kutoka Himo na tela la majani ya kina mama ishirini, walitumie kwa zamu, nao wapande wakiwa wameshika mikono ya watoto. Nimeshaandika barua kwa ushirika wetu. Nimeambatanisha vipimo.

Siku moja kabla ya kuondoka, mtu wa Uvira alinipakia kwenye kiti. Akanifunga mkanda, akausogeza upinde kuhakikisha umekaza, akasimama kando, mbali na kijiko. Mbele yangu kulikuwa na lundo la matandazo, jeusi, linatoa mvuke. Nikasukuma pedali, kijiko kikazama, nikavuta fimbo kama nilivyoonyeshwa.

Lundo likapanda. Nilikaza shingo. Sikujua kama nimeikaza mpaka nilipoona uzito hauji, kijiko kimejaa na kinaendelea kupanda, na shingo yangu bado inaungoja.

"Basi, yaya," akasema. "Shusha. Shusha polepole."